Jina la Mashine, Jina la Mtu: Uhakiki wa Msamiati wa Kidijitali wa Kiswahili na Kazi Isiyotajwa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki msamiati wa teknolojia ya kidijitali katika Kiswahili kwa kuuliza swali moja: mtu yuko wapi ndani yake? Wanaisimu na wadau wa lugha wametunga majina mengi ya vifaa na mifumo, na wamejadiliana kwa bidii juu ya jina bora la akili isiyo ya binadamu. Hata hivyo, wafanyakazi wa Afrika Mashariki wanaosoma, kuchuja na kutia alama matini zinazoilisha mashine hiyo hawajapata jina lililotulia. Kwa kutumia mkabala wa isimu hakiki na kwa kulinganisha msamiati huo na riwaya na tamthilia za Kiswahili zilizowapa wafanyakazi jina na sura, makala yanadai kwamba pengo hili si la kiistilahi tu. Linagusa afya, ujira na utambulisho wa watu ambao malighafi ya kazi yao ni lugha zetu. Mwisho, makala yanapendekeza vigezo vya kutunga jina linalofaa.

1.0 Utangulizi

Aliyehudhuria makongamano ya Kiswahili ya miaka ya karibuni hakosi kukumbuka mjadala wa akili. Wapo wanaosema akili bandia, wapo wanaosema akili mnemba, na wapo wanaosema akili unde. Kila kundi lina hoja zake. Wa kwanza husema kwamba neno bandia limeshazoeleka kwa umma kupitia vyombo vya habari. Wanaolikataa hujibu kwamba bandia ni ya kughushi, kama noti bandia au dawa bandia, na kwamba haifai kuibatiza teknolojia kwa jina la kashfa. Wanaopenda unde hutukumbusha kitenzi unda na kusema kwamba hapo ndipo ukweli wa jambo ulipo: akili hii imeundwa. Mjadala ni mzuri, na makala haya hayakusudii kuuamua.

Kinachoshangaza ni kile ambacho mjadala haujakigusa. Tukikubali kwamba akili hii imeundwa, swali linalofuata kwa kanuni za kawaida za sarufi ni: imeundwa na nani? Kitenzi cha kutendwa kina nafasi ya mtenda, na nafasi hiyo katika mijadala yetu imeachwa wazi. Tunapoijaza, huwa tunaijaza kwa majina ya kampuni na ya mabilionea wa Marekani. Mara chache tunamtaja kijana aliyeketi katika jengo la ofisi jijini Nairobi, akisoma matini moja baada ya nyingine ili mashine ijifunze kutenganisha salamu na tusi.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba Kiswahili kimefanya kazi kubwa ya kuipa mashine jina na kimechelewa kumpa jina mtu anayeilisha. Kuchelewa huko hakutokani na uhaba wa nyenzo za lugha. Ni tabia ya kimsamiati inayoweza kuchunguzwa na kurekebishwa.

2.0 Msingi wa Uhakiki

Isimu hakiki, ambayo misingi yake iliwekwa na Roger Fowler na wenzake wa Chuo Kikuu cha East Anglia katika kazi yao ya 1979, hufundisha kwamba sarufi ni mpango wa kugawa wajibu. Sentensi inapomtoa mtenda, au tendo linapogeuzwa kuwa nomino, kuna jambo linalofichwa, iwe kwa kusudi au kwa mazoea. Norman Fairclough aliuendeleza mkabala huu kwa kuonyesha namna usemi wa kila siku unavyoyafanya mahusiano ya nguvu yaonekane kuwa ya kawaida.

Kwa Kiswahili mkabala huu una faida ya pekee, kwa sababu lugha yetu inamtambulisha mtu kwa ngeli yake. Kiambishi m- cha umoja na wa- cha wingi humtoa mtenda katika kitenzi bila taabu: lima hutupa mkulima, vua hutupa mvuvi, finyanga hutupa mfinyanzi. Tendo lolote lenye heshima ya kuwa kazi hupata mtu wake. Kwa hiyo, katika Kiswahili, kazi isiyokuwa na jina la mtenda ni ishara inayostahili kuchunguzwa.

3.0 Watu Wanne wa Msamiati wa Kidijitali

Juhudi za kuiswahilisha kompyuta zina historia ndefu kiasi. Mradi wa Kilinux uliohusishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, na baada yake zikafuata juhudi za kampuni kubwa za programu na za simu. Matokeo yake ni hazina ya maneno ambayo leo mwanafunzi wa sekondari anayafahamu: tovuti, barua pepe, mtandao, tarakilishi, rununu, kishikwambi, nywila. Baadhi ya maneno haya yana mvuto wa kishairi. Kipakatalishi, kwa mfano, kimechukua kitenzi pakata, tendo la mama na mtoto wake, na kukipa kifaa nafasi ya mapajani.

Tukiuchambua msamiati huu kwa ngeli, tunaona kwamba sehemu kubwa yake ni majina ya vitu. Watu wamo, lakini ni wachache, na wanne kati yao wanatosha kuonyesha mwelekeo. Wa kwanza ni mtumiaji. Huyu ndiye anayesemeshwa na programu kwa vitenzi vya amri: fungua, hifadhi, futa, tuma. Wa pili ni mteja. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, mteja amekuwa jina la karibu kila mtu mzima mwenye simu. Ni jina lenye kinaya, kwa kuwa katika mazungumzo ya mijini nchini humo neno mteja limekuja kumaanisha mtu asiyepatikana, kutokana na ile sauti ya kike inayomwarifu mpigaji kwamba mteja wa nambari aliyoipiga hapatikani. Wa tatu ni wakala, anayeketi katika kibanda akitoa na kupokea fedha. Wa nne ni mfuasi, neno lililotoka kwenye dini na siasa likahamia kwenye mitandao ya kijamii.

Watu hawa wote wako upande wetu wa kioo. Wakala peke yake ndiye mfanyakazi, naye ana jina kwa sababu tunamwona: tunampa kitambulisho, tunasubiri ahesabu noti, tunamsalimu. Upande wa pili wa kioo, msamiati wetu hauna mtu. Kuna mfumo, mtandao, programu na wingu. Neno wingu linastahili kutazamwa zaidi, kwa maana linapendekeza kwamba data zetu zinaelea juu, bila jengo, bila umeme, bila mlinzi wa lango. Mkulima anajua kwamba wingu halina mwenyewe. Wingu la kidijitali lina wenyewe, nao huajiri watu.

4.0 “Mashine Imekataa”

Pengo la msamiati limeingia katika sintaksia ya kila siku. Katika kaunta ya benki, katika zahanati na katika ofisi ya usajili, sentensi tatu zimekuwa jibu la kutosha: mtandao unasumbua, mfumo uko chini, mashine imekataa. Katika sentensi hizi kiima ni kifaa. Kifaa kimepewa hiari na ukaidi, na mhudumu aliyeketi mbele yake amekuwa shahidi tu. Anayeambiwa hivyo hana wa kumjibu, kwa kuwa mashine haibembelezwi na mfumo haupelekwi kwa balozi wa nyumba kumi.

Si nia ya makala haya kusema kwamba mhudumu anadanganya. Mara nyingi mashine kweli imekataa. Lakini nyuma ya kukataa kwake kuna uamuzi wa binadamu: nani aingizwe kwenye orodha, alama gani ya kidole ikubaliwe, neno gani lifutwe. Kiswahili cha awali kilikuwa na sentensi nyingine kwa hali kama hii. Kilisema wakubwa wamekataa, au karani kanirudisha. Sentensi hizo zilikuwa chungu, lakini zilikuwa na mtu ndani yake, na mtu huweza kuulizwa.

5.0 Kazi ya Kusoma

Tuje sasa kwa yule asiyetajwa. Mwaka 2019 kampuni inayomiliki Facebook, ambayo sasa inaitwa Meta, ilianza kutumia kituo jijini Nairobi kilichoendeshwa na kampuni ya Sama ili kukagua maudhui yanayotoka nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Walioajiriwa hawakuwa Wakenya peke yao. Walitoka Uganda, Ethiopia, Somalia, Afrika Kusini na kwingineko, kwa sababu kampuni ilihitaji lugha zao. Kwa lugha nyingine, lugha ya mama ndiyo iliyokuwa sifa ya kuajiriwa.

Kazi yenyewe ni ipi? Ni kutazama picha, video na maandishi yaliyolalamikiwa, na kuamua kwa muda mfupi kama yabaki au yaondolewe. Mengi ni ya kutisha: mauaji, kujiua, unyanyasaji wa watoto. Katika kazi nyingine ya jirani, iliyofichuliwa na jarida la Time mwezi Januari 2023, wafanyakazi wa Kenya walisoma na kutia alama matini za aina hiyo hiyo kwa ajili ya kampuni ya OpenAI, ili programu yake ya mazungumzo ijifunze kuyaepuka. Ujira ulioripotiwa ulikuwa chini ya dola 2 kwa saa.

Mhakiki wa fasihi akiitazama kazi hii kwa makini atagundua kwamba anaifahamu. Kusoma usemi, kuuweka katika muktadha, kubainisha kama ni mzaha au ni uchochezi, kutenganisha kijembe cha kwenye kanga na tishio la kweli: hii ndiyo kazi tunayowafundisha wanafunzi wetu katika darasa la semantiki na pragmatiki. Chukua neno moja tu. Katika Kinyarwanda, inyenzi ni mende. Anayeandika kwamba jikoni kwake kuna mende anataka dawa. Lakini sote katika ukanda huu tunajua namna neno hilo lilivyotumiwa redioni mwaka 1994 kuwavua watu ubinadamu kabla ya kuwaua. Hakuna kamusi inayoweza kuamua, kwa sekunde chache, ni mende yupi aliyekusudiwa katika sentensi iliyoandikwa usiku na mtu asiyejulikana. Anayeweza kuamua ni msomaji aliyekulia ndani ya lugha, anayejua mafumbo yake na makovu yake.

Kwa hiyo, mfanyakazi huyu ni msomaji stadi wa lugha za Afrika. Tofauti yake na sisi ni kwamba sisi husoma riwaya moja kwa mwezi mmoja na kupewa shahada, ilhali yeye husoma vipande vingi kwa siku, vilivyo vibaya kuliko vyote, na kuambiwa asimsimulie mtu. Mwezi Desemba 2024 iliarifiwa kwamba uchunguzi wa kitabibu uliowasilishwa mahakamani jijini Nairobi uliwakuta zaidi ya watu 140 waliofanya kazi hiyo wakiwa na maradhi ya msongo unaofuata kiwewe. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Kwa hawa, lisilosemwa ndilo lililowaumiza.

Mwezi Mei 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa mfanyakazi wa kituo hicho, alifungua shauri jijini Nairobi dhidi ya kampuni zote mbili. Mwaka uliofuata wenzake wapatao 180 walifungua shauri lao baada ya kuachishwa kazi. Kampuni zilizoshtakiwa zilipinga, na hoja moja ya kampuni mama ilikuwa kwamba haiko Kenya na hivyo mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliikataa hoja hiyo, na Mahakama ya Rufani ikafuata mkondo huo mwezi Septemba 2024. Kwa mtazamo wa makala haya, sehemu hiyo ya shauri ilikuwa mgogoro wa kutaja. Kabla ya kuulizwa kilichotendeka, ilibidi iamuliwe nani atajwe kuwa mwajiri.

6.0 Majina Yanayoshindana

Vyombo vya habari vya Kiswahili vilipoanza kuripoti habari hizi vilikumbana na tatizo letu. Viliwaita watu hawa kwa majina tofauti: wasimamizi wa maudhui, wakaguzi wa maudhui, wadhibiti maudhui, wachujaji maudhui. Kila jina lina picha yake, na picha hizo hazina uzito sawa.

Msimamizi ni mtu anayesimama juu ya kazi ya wengine. Kijijini, msimamizi wa shamba hakushika jembe. Kumwita mfanyakazi huyu msimamizi ni kumpandisha cheo kwa jina na kumwacha alipo kwa mshahara. Mkaguzi naye ana mamlaka: mkaguzi wa shule au wa hesabu akifika, watu husimama. Anayepimwa kwa sekunde anazotumia kwa kila video yeye mwenyewe ndiye anayekaguliwa. Mdhibiti ni jina la dola, na linabeba harufu ya udhibiti wa magazeti na vitabu, jambo ambalo waandishi wa ukanda huu wanalifahamu kwa machungu. Majina haya matatu yana kasoro moja ya pamoja. Yanaeleza nguvu ambayo mfanyakazi hana, na hayaelezi madhara anayoyapata.

Mchujaji ni jina la jikoni, na kwa maoni yetu liko karibu zaidi na ukweli. Anayechuja tui hulipitisha katika kifumbu au chujio. Tui huteremka safi, machicha hubaki. Mlaji husifu wali wa nazi na hakumbuki chujio. Picha hii inaeleza jambo ambalo majina mengine hayalielezi: kwamba usafi tunaouona upande wetu wa kioo unalipiwa na mahali fulani panapobaki na machicha. Mahali hapo, katika kazi hii, ni akili na usingizi wa mtu.

Kuna hoja ya kisheria pia. Kutokana na mchujaji tunapata uchujaji, na kutokana na uchujaji tunaweza kusema madhara ya uchujaji, saa za uchujaji, posho ya uchujaji. Sheria za fidia kwa wafanyakazi, kama ile ya Kenya ya 2007, hushughulikia ajali na magonjwa yanayotokana na kazi. Ili ugonjwa utokane na kazi, kazi lazima itajwe. Mchimba madini anaweza kuonyesha kifua chake na kusema ni vumbi la mgodi. Msomaji wa maiti za kwenye kioo anahitaji sentensi ya namna hiyo hiyo, na sentensi huanza na nomino.

7.0 Fasihi Iliyotangulia

Inafaa kukumbuka kwamba fasihi ya Kiswahili ilishawahi kuifanya kazi hii ya kutaja, na iliifanya vizuri. Riwaya ya Adam Shafi, Kuli (1979), ilichukua neno la kudharauliwa, lililokuja bandarini na biashara ya wakoloni, na kuliweka kwenye jalada. Rashidi, mwana wa kuli na yeye mwenyewe kuli, anabeba mizigo ambayo msomaji huihisi mabegani, na riwaya inaelekea kwenye mgomo wa makuli wa Zanzibar wa mwaka 1948. Uzito wa kazi hiyo hautoki katika itikadi peke yake. Unatoka katika uamuzi wa mtunzi wa kuitazama kazi kwa karibu kiasi kwamba jina la dharau linakuwa jina la mtu kamili. Alamin Mazrui katika Kilio cha Haki (1981) naye aliwapandisha jukwaani wafanyakazi wa shamba, wakiongozwa na mwanamke, Lanina, na kuwapa sauti mbele ya mwajiri wao.

Riwaya za kimajaribio zilizofuata mwanzoni mwa karne hii ziliugeukia ulimwengu mpana. Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed na Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila ni kazi zenye maono makubwa juu ya utandawazi na juu ya Afrika ndani yake. Katika kichwa cha riwaya ya Wamitila, kile kistari kinachompasua binadamu kuwa vipande viwili kinatosha kuwa hoja nzima. Hata hivyo, kupanuka kwa jukwaa kulikuwa na gharama. Nguvu inayolaumiwa imekuwa kubwa na isiyo na mipaka, na anayeumizwa naye amekuwa mwakilishi wa bara zima. Mfanyakazi mwenye zamu, kodi ya nyumba na msimamizi mkali, yule Rashidi wa bandarini, ameondoka mbele ya macho.

Hii si lawama kwa watunzi hao, ambao waliandika kabla ya kazi tunayoizungumzia kufika kwetu. Ni wito kwa walio hai sasa. Nairobi imepata bandari ya aina mpya, isiyo na bahari, ambapo shehena ni picha na maneno. Makuli wake wamekwisha kufanya lile ambalo makuli wa Zanzibar walilifanya: tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za aina hii walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao. Uhakiki unasubiri riwaya yao, na ni haki uhakiki useme kwamba unaisubiri.

8.0 Pingamizi: Je, Jina Linatosha?

Msomaji makini ataleta pingamizi. Jina halimlipi mtu mshahara wala halimponyi. Pingamizi hili lina nguvu, na mfano wake mzuri unatoka katika lugha za majirani zetu. Kitambulisho cha taifa, ambacho kwa Kiswahili ni kitu cha ngeli ya ki-/vi-, nchini Rwanda kinaitwa indangamuntu, nchini Burundi karangamuntu, na nchini Uganda ndaga muntu. Katika majina yote matatu mzizi wa mtu umebaki, wazi kabisa: ni kinachomwonyesha au kumtambulisha mtu. Kwa kigezo cha makala haya, majina hayo yanalishinda la kwetu.

Hata hivyo, nchini Uganda, ambako usajili wa jumla ulianza mwaka 2014, ripoti ya mwaka 2021 iliyoandaliwa na asasi za nchi hiyo pamoja na kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha New York ilieleza namna wazee na wanawake walivyokosa huduma za afya na posho za uzeeni kwa kuwa hawakuwa na kadi, au kwa kuwa kadi zilikuwa na makosa, au kwa kuwa mashine haikuzisoma alama za vidole vyao. Vidole vilivyolima kwa miaka hamsini hulainika. Kifaa kilichobeba neno mtu kilimwambia mtu kwamba hajulikani.

Tunakubali basi kwamba jina peke yake halitoshi. Lakini mfano huu unaonyesha pia faida ya jina. Kwa kuwa muntu limo ndani ya neno, kila anayerudishwa nyumbani anaweza kuligeuza kuwa shtaka: mnaonyesha mtu gani, ikiwa mimi siye? Jina zuri ni ahadi, na ahadi iliyovunjwa huweza kudaiwa. Mahali pasipokuwa na jina hakuna hata ahadi ya kuvunjwa.

9.0 Hitimisho na Mapendekezo

Hali ya Kiswahili katika ukanda huu imebadilika. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, Baraza la Mawaziri la Uganda lilikikubali kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo Zanzibar kuratibu juhudi za nchi wanachama. Lugha iliyopewa nafasi hiyo hubeba wajibu wa kutaja kazi za watu wake wote, pamoja na wale waliovuka mpaka kwenda kuziuza lugha zao.

Makala yanapendekeza vigezo vinne vya kutunga istilahi za kazi za kidijitali. Kwanza, jina litokane na kitenzi cha tendo analolifanya mfanyakazi, lisitokane na cheo ambacho mwajiri angependa kukitangaza. Pili, liwe katika ngeli ya m-/wa- na liweze kuzaa jina la kazi katika u-, ili litumike katika mikataba, sheria na taarifa za kitabibu. Tatu, wafanyakazi wenyewe waulizwe wanajiitaje, kwani kamati za istilahi zimezoea kuwasikiliza wahandisi na kuwasahau wenye zamu. Nne, lugha jirani zitazamwe kama chemchemi: Kinyarwanda, Kirundi na Luganda zimeonyesha kwamba mtu anaweza kubaki ndani ya jina la kifaa cha kisasa. Kwa sasa tunapendekeza mchujaji kwa anayeondoa maudhui, na mtiaji alama kwa anayeiandalia mashine mifano, tukijua kwamba wenye kazi wanaweza kuja na maneno bora kuliko haya.

Mjadala wa akili bandia, mnemba au unde utaendelea, nao uendelee. Ila katika kikao kijacho, baada ya kila upande kutetea neno lake, mmoja wetu anyanyue mkono na kuuliza swali la sarufi la darasa la nne: mtenda ni nani? Swali hilo likiwekwa kwenye ajenda, orodha ya istilahi itakayotoka humo itakuwa na watu ndani yake.